Kwenda Porto si Kunywa Divai

Jamani wanawake wenzetu, tuache kuwavunjia mabinti posa kwa picha moja. Binti wa Kanyenye, Tabora, akisoma Ureno, wikendi akaenda Porto kwenye mto Douro, basi tushamhukumu: mji wa divai huo! Kaka yake akienda, tunasema ametembea tu.

Maghala ya divai yako ng'ambo ya mto, Vila Nova de Gaia. Halazimishwi mtu kuingia. Misafara ya pwani, wanawake wakiwemo, ilifika Tabora ikakuta pombe, na Uislamu ukabaki.

Kama hoja ni safari bila maharimu, tuseme hivyo, tusisingizie divai. Haramu ni kunywa. Na dhana mbaya tumekatazwa: Suratul Hujurat, aya ya 12.