Waraka kwa Wanachama: Tuulize Kwanza, Ndipo Tusambaze

Kwa: Mama lishe, wakaanga chapati, wauza karanga na wenye magenge ya vyakula
Yah: Habari za vyakula vyenye sumu

Ndugu wanachama,

Jambo hili nimeona lisingoje kikao, maana linakula biashara zetu na kutugombanisha na wateja. Mwenzetu mmoja karudi nyumbani juzi na sufuria la wali karibu zima. Kijana aliyekuja kula mchana alifinyanga tonge, akalipiga mezani, likadunda, akapaza sauti kwamba mchele ule ni wa plastiki. Waliokuwa wakisubiri sahani wakaondoka mmoja mmoja. Jioni video ilikuwa imeshatufikia kwenye simu, na walioisambaza ni pamoja na wanachama wa chama hiki hiki. Hilo limeniuma kuliko hasara ya wali.

Mchele ni wanga. Wali ukiiva ukapoa kidogo hunata, na tonge lililofinyangwa likashikana vizuri hudunda. Chukueni mchele wa Kyela mliouona kwa macho yenu ukikobolewa, mpike, mfinyange, mjaribu. Plastiki hainywi maji wala haiivi: mngekuta punje ngumu zile zile mlizotia, au zimeyeyuka zikagandia chini ya sufuria. Sisi tunaopika kila siku ndio wa kuwaeleza wateja haya, tena kwa upole. Naomba Ijumaa mchana tukale wote kwa mwenzetu huyo, wali wa mchele ule ule, kila mmoja na hela yake.

Madai haya yaliwahi kupimwa. Desemba 2016 maofisa wa forodha wa Nigeria walikamata magunia 102 ya mchele mjini Lagos wakatangaza kuwa ni wa plastiki, na habari ikazagaa dunia nzima. Mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo, NAFDAC, ikaupeleka maabara. Majibu: si plastiki, ila una vijidudu vya uchafu kupita kiwango, haufai kuliwa. Naomba msome hapo mara mbili. Hatari ilikuwepo, lakini siyo ile iliyopigiwa kelele, na hata mtu angedundisha tonge kutwa nzima asingeiona.

Wala tusidhani mambo haya yameletwa na simu. Kuanzia 1976 Ufaransa ilienea karatasi iliyochapwa kwa taipureta, ikidai imetoka hospitali ya saratani ya Villejuif. Iliorodhesha namba za viungo vinavyoandikwa kwenye pakiti za vyakula, ikasema E330 ndiyo mbaya kuliko zote. E330 ni asidi ya sitriki, ile inayoipa ndimu ukali wake! Hospitali ilikana tena na tena kwamba haikuiandika, na bado karatasi ilizunguka miaka mingi, ikipitishwa hata na walimu na madaktari.

Basi habari ya namna hii ikikufikia, uliza: ni kitu gani hasa, kiasi gani, na nani kakipima? Hilo la kiasi ndilo linalorukwa zaidi. Julai 2023 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka aspatame, utamu wa soda zisizo na sukari, katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Siku hiyo hiyo kamati nyingine ya wataalamu iliacha kiwango cha kila siku palepale kilipokuwa, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mtu. Mwenye kilo 70 angehitaji kunywa zaidi ya makopo 9 hadi 14 kwa siku ili akipite. Waliotangaza kwamba soda hizo ni sumu hawakutaja hesabu hiyo ya makopo.

Simwambii mtu apuuze kila onyo. China, 2008, maziwa ya unga ya watoto yalitiwa melamini ili yaonekane yana protini nyingi. Watoto wapatao 300,000 waliugua na sita wakafa. Lakini onyo lile lilitaja bidhaa, likataja ugonjwa, na maabara zikapima. Onyo lisilotaja kitu cha kupimika halimlindi mtoto wa mtu.

Sasa nije kwenye kinachoninyima usingizi, nacho ni sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu wa nafaka na karanga. Mwaka 2004 nchini Kenya, upande wa Ukambani, mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125. Hapa kwetu 2016 wenzetu wa Dodoma na Manyara walizika ndugu zao kwa sababu hiyo hiyo. Novemba 2019 Kenya ilisimamisha chapa tano za unga wa mahindi, unga wa madukani wenye mifuko mizuri, kwa kuzidi kiwango. Sumu hii huharibu ini, ikiliwa kwa muda mrefu huleta saratani, na kuchemsha au kukaanga kwa kawaida hakuimalizi. Hakuna anayetutumia video yake.

Karanga zetu je? Zimwageni kwenye ungo, juani. Iliyonyauka, iliyosinyaa, iliyogeuka rangi, yenye ukungu, itoke. Najua mazoea yetu: nzuri tunakaanga za kuuza, mbovu tunasaga za kuungia mboga. Dada zangu, kaka zangu, hizo mbovu ndizo zenye sumu, na ndani ya kisamvu mteja hawezi kuiona. Tuzifukie. Kuku nao tusiwape. Mahindi ya kusaga yakauke kabisa kabla ya kutiwa gunia, na gunia lipandishwe kwenye mbao, lisilale sakafuni.

Ukishuku bidhaa ya pakiti, usiitupe. Tunza mfuko, jina la kiwanda, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, kisha umpelekee katibu. Yeye ataifikisha Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambao tangu 2019 ndio wanaosimamia usalama wa chakula nchini.

Kikao cha Jumamosi kipo palepale saa tisa alasiri. Kila mmoja aje na ungo wake na kibaba cha karanga anazouza.

Wenu katika chama,
Mwenyekiti