Kabla Ununue Pedali, Sogeza Mkono

Wasee, leo naanza na kuomba msamaha.

Miezi kadhaa iliyopita niliposti video nikisema kama besi yako haina sauti nono, shida ni kifaa: nunua pedali ya priampu. Chini nikaweka linki. Ukinunua kupitia hiyo linki, mimi napata kitu kidogo. Hiyo ni kazi yangu na siionei haya. Ile video ilifanya vizuri kuliko zote nilizowahi kuweka. Mwezi huo nililipa kodi ya nyumba bila kupigiwa simu na caretaker.

Baada ya wiki mbili, kijana mmoja aliyemaliza kidato cha 4 mwaka jana akaniandikia. Anacheza besi kanisani kwao, na siku zingine anauza mayai boilo stejini. Alikuwa ameweka elfu 9 kidogo kidogo, akanunua ile pedali. Meseji yake ilikuwa fupi: "Brathe, nimenunua venye ulisema. Sauti bado ni nyembamba kama ya mbu. Nimekosea wapi?"

Nikamwambia anitumie video ya mkono wake wa kulia peke yake, akicheza. Ilipofika sikuhitaji hata kufungua sauti. Kidole gumba kilikuwa kimeegemea kule nyuma kabisa, na vidole viwili vinavuta nyuzi karibu na briji, pale nyuzi zinafungwa. Nikamwambia asiguse kitu kingine chochote, asogeze tu mkono mbele mpaka karibu na mahali shingo ya gitaa inaishia, halafu acheze ile laini tena.

Alinirudishia sauti ya sekunde 8 na meseji ya neno moja: "Kumbe."

Hiyo "kumbe" imenikosesha usingizi. Elfu 9 ya mayai, na dawa ilikuwa kusogea sentimita 15 bila malipo.

Sasa maoni yangu ni haya, na nitayasimamia: kabla ya gitaa, kabla ya pedali, kabla ya amplifaya, sauti ya besi inaamuliwa na mahali mkono wako unavuta uzi. Na sisi tunaotengeneza content hatuwaambii hii kitu kwa sababu mkono hauna linki.

Niliacha chuo mwaka wa 2. Karo ilikataa, stori ndefu. Lakini kuna lekcha moja ya mawimbi ambayo nilikaa nyuma nikichati, na leo ndiyo naitumia kuliko zote. Mwalimu alichora uzi uliofungwa pande zote mbili. Akasema uzi ukivutwa hautoi sauti moja, unatoa nyingi kwa pamoja. Chukua uzi mnene wa besi, ule wa E. Ukiuacha wazi unatikisika kama mara 41 kwa sekunde. Huo ndio mngurumo wa chini unaousikia kifuani. Lakini papo hapo uzi huo unatikisika pia kwa vipande viwili, mara 82, vipande vitatu, mara 123, na kuendelea juu. Hizi za juu ndizo zinaipa noti makali na kuifanya isikike wazi.

Mahali unapovuta ndipo unachagua ni zipi ziamke kwa nguvu na zipi zilale. Nenda kwa kamba ya kuanika nguo hapo kwa ploti. Itikise katikati: itayumba yote, pole pole, kwa upana. Sasa igonge karibu na msumari: utaona vimawimbi vidogo vya haraka vikikimbia. Besi ni hivyo hivyo. Ukivuta karibu na shingo, mngurumo wa chini unakuwa mkubwa na sauti inakuwa ya mviringo, ya joto. Ukivuta karibu na briji, uzi unahisi mgumu chini ya kidole, mngurumo unapungua, na zile sauti za juu zinabaki mbele. Unapata sauti kavu, ya puani, yenye makali.

Besi nyingi za kawaida zina uzi wa karibu sentimita 86 kutoka nati ya juu hadi kwenye briji. Kama ina freti 20, kutoka freti ya mwisho hadi briji ni kama sentimita 27. Hiyo ni fupi kuliko rula ya shule. Ndani ya rula moja una besi ya reggae, besi ya funk, na kila kitu katikati. Na wengi wetu tumekaa sentimita moja tu miaka yote kwa sababu hapo ndipo kidole gumba kilizoea kupumzika.

Kuna kitu kingine kilinichukua muda kushika. Mkono wa kushoto ukipanda juu, uzi unakuwa mfupi, kwa hivyo mkono wa kulia uliobaki pale pale hauko tena "mahali pale pale". Tuseme unavuta sentimita 15 kutoka kwa briji. Uzi ukiwa wazi, hiyo ni kama sehemu moja ya sita ya urefu wake. Ukibonyeza freti ya 12, uzi umebaki nusu, na sasa unavuta kwenye theluthi. Noti inakuwa ya mviringo zaidi bila wewe kuomba. Ndio maana ukicheza solo juu, noti zinakosa meno hadi usogee nyuma kidogo. Hapo si pedali imelala, ni hesabu tu.

Sasa ni wapi pazuri? Inategemea msikilizaji yuko wapi.

Panda matatu yenye wufa chini ya kiti, dere aweke reggae. Ile besi inayokusukuma mgongo ni mngurumo wa chini, na mkono wa kuitoa unakaa mbele, karibu na shingo. Lakini chukua besi hiyo hiyo uiposti, watu waisikie kwa spika ya simu. Kile kispika kidogo hakiwezi kutoa mitikisiko 41 kwa sekunde. Watu wataandika "besi iko wapi?" Simu inatoa zile sauti za juu tu, na ukivuta nyuma kidogo unazipa nguvu. Ukirekodi kwa ajili ya simu, rudi nyuma. Ukicheza kwa ukumbi wenye wufa, enda mbele, lakini usizidishe: ukumbi wa mabati wenye mwangwi tayari una mngurumo wa kutosha, na ukiongeza wako kwaya nzima itazama kwenye uji.

Benga nayo haitaki besi ya kujificha. Pale besi inaongea na gitaa kama watu wawili wanajibizana, na noti ni za haraka. Ukiweka mkono karibu na shingo, noti zinashikana. Mimi napenda katikati, nikiegemea nyuma kidogo. Unaweza kunipinga, lakini jaribu kwanza.

Na msiniambie wakubwa walitegemea vifaa. Jaco Pastorius, aliyejiunga na Weather Report mwaka wa 1976, alicheza Fender Jazz Bass isiyo na freti, na ile sauti yake inayolia kama mtu anaimba ilitokana sana na kuvuta nyuma, karibu na pikapu ya briji. James Jamerson, wa studio ya Motown kule Detroit, alivuta kwa kidole kimoja tu cha shahada kwenye nyuzi nzee ambazo hakupenda kubadilisha. Walikuwa na magitaa mazuri, sikatai. Lakini mpe mtu gitaa la Jaco avutie juu ya shingo, na hutasikia Jaco.

Najua mtasema pedali ina kazi yake. Iko nayo. Mimi ninayo moja na siiuzi. Lakini pedali inafanyia kazi kile mkono umeileta. Ukiileta mngurumo mdogo, utazungusha nobu ya besi hadi mwisho, na kelele zingine zote za chini zitapanda nayo. Na tusidanganyane upande wa pili pia: mkono hauponyi kila kitu. Waya ikikwaruza, shingo ikiwa imepinda, au nyuzi zikiwa zimekufa kabisa, peleka kwa fundi au ubadilishe. Ila hizo ni shida unaweza kuonyesha kwa kidole. "Sauti yangu haina uzito" sio shida ya kulipia elfu 9 kabla ya kuichunguza.

Kwa hivyo leo fanya hivi. Chukua laini moja rahisi, noti nne. Usiguse nobu hata moja. Icheze mara nne: shingo inapoishia, katikati, juu ya pikapu ya nyuma, halafu karibu kabisa na briji. Vuta kwa nguvu ile ile kila mara, hii ndiyo ngumu, kwa sababu huko nyuma utataka kuongeza nguvu. Rekodi na simu. Sikiliza kwa earphone, halafu kwa spika ya simu yenyewe, halafu mpe mtu asiyecheza chochote akuambie ni ipi amependa. Ukimaliza na bado unaona unahitaji pedali, nunua, utakuwa unajua unanunua nini.

Ile video nimeitoa. Sijaambiwa na mtu. Nimeweka ingine ya mkono wangu tu, dakika 3, haina linki, na hadi sasa haijafika hata robo ya watazamaji wa ile ya kwanza. Ni sawa.

Pedali ya yule kijana tumeiweka sokoni. Bado hatujapata mtu, na hatutapata elfu 9. Mimi nilikuwa nimepata shilingi 450 kutoka kwa mauzo yake, kwa hivyo jana nikamtumia zote kwa M-Pesa. Alinijibu haraka sana.

"Asante brathe. Hiyo ni trei moja ya mayai."