Kabla ya inkubeta, mtafutieni mama godoro

Wanachuo wenzangu, serikali ya wanafunzi imeshatutangazia mchango. Kila mmoja akatwe kidogo kwenye bumu, tununue inkubeta moja, tuipeleke kwenye kituo cha afya kijijini tarehe 17 Novemba, Siku ya Watoto Njiti Duniani. Nia ni njema na sitaki kumvunja mtu moyo. Ila mimi natokea Mamba, naomba mnisikilize kabla hatujapiga kura.

Mamba, ndiyo, kama yule wa mtoni. Ni kata ya Halmashauri ya Mpimbwe, mkoani Katavi, kwenye Bonde la Rukwa. Ukitaka kufika Mpanda mjini unapita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, unatokea Sitalike kwenye viboko, ndipo unaendelea. Mvua zikikolea, safari hiyo haina ratiba.

Kwanza namba, maana wachumi wa chuo hiki hawasikii bila namba. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikuta akina mama 556 wanakufa kwa sababu za uzazi katika kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukakuta 104. Februari 2025 Rais Samia akapewa tuzo ya Goalkeepers ya Gates Foundation kwa kazi hiyo, tukashangilia, na ilistahili. Sasa fungua ukurasa wa watoto. Wanaokufa kabla ya kumaliza siku 28 walikuwa 25 katika kila vizazi hai 1,000. Mwaka 2022 ni 24. Kwa miaka yote hiyo kapungua mmoja. Sijasikia mtu akilizungumza hilo kwa sauti ileile ya tuzo.

Njiti anakufa kwa nini? Si kwa ugonjwa wa ajabu. Hana mafuta ya kutosha mwilini, ngozi yake ni nyembamba, anapoteza joto upesi. Akipoa anamaliza sukari, akimaliza sukari anachoka, akichoka anasahau kupumua. Mapafu yenyewe hayajakomaa. Halafu vijidudu vinaingia kupitia kitovu, au kupitia mkono wa mtu ambaye hakunawa. Hayo ndiyo mengi ya hayo 24.

Sasa inkubeta inajibu lipi hapo? Inajibu joto, pale tu umeme upo, kuna wa kuisafisha, na kuna fundi wa kuitengeneza ikigoma. Katavi kwa miaka mingi ilikuwa nje ya gridi ya taifa, tunawashiwa majenereta ya dizeli, kwa hiyo habari ya umeme kukata msinisimulie. Na ikikosa usafi, lile sanduku la joto linageuka kitalu cha vijidudu. Mwanamuziki Stevie Wonder alizaliwa njiti mwaka 1950 huko Michigan, akawekwa kwenye inkubeta, oksijeni ikazidi, akapofuka. Hiyo ilikuwa Marekani, si Mpimbwe. Oksijeni ni dawa, na dawa bila kipimo inaumiza.

Kwenye dawa nikae kidogo, maana hapo ndipo watu wengi hawaelewi ugumu uko wapi. Mtoto mwenye maambukizi anapewa ampisilini na gentamisini. Ni dawa za kawaida, hata duka la pembeni unazikuta. Lakini ile chupa ndogo ya gentamisini imetengenezwa kwa ajili ya mtu mzima: miligramu 80 ndani ya mililita 2. Njiti wa kilo moja na nusu, katika wiki yake ya kwanza, anahitaji miligramu 3 kwa kila kilo, yaani miligramu 4.5 kwa siku. Piga hesabu. Inatoka kama sehemu moja ya kumi ya mililita! Ukikosea kidogo tu kwenye bomba la sindano umempa mara mbili, na gentamisini ikizidi inaharibu figo na masikio. Kwa hiyo kabla ya dawa unahitaji mzani unaosema kweli, bomba dogo la sindano, na nesi ambaye amefanya hesabu hiyo mara nyingi hadi mkono umezoea. Nesi huyo akiwa peke yake zamu ya usiku, na wodini kuna wajawazito watatu, hesabu anaifanya saa ngapi?

Kuna kafeini pia. Ndiyo, hiyo hiyo mnayokunywa usiku wa kuamkia mtihani. Njiti anayesahau kupumua hupewa kafeini ili ubongo wake ukumbuke. Ikikosekana hutumika aminofilini, dawa ya zamani ya pumu, ambayo kipimo cha kutibu na kipimo cha sumu vimekaa jirani mno. Tunarudi palepale: mtu wa kuangalia.

Na kuna deksamethasoni, sindano anayochomwa mama uchungu ukimjia kabla ya wiki 34, ili mapafu ya mtoto yawahi kukomaa. Shirika la Afya Duniani liliijaribu katika hospitali za Bangladesh, India, Kenya, Nigeria na Pakistan, na matokeo ya mwaka 2020 yalionyesha inaokoa watoto. Ila ina masharti. Lazima mimba ijulikane ina wiki ngapi, na lazima pawe na pa kumtunzia mtoto akitoka. Huko kwetu binti anafika kliniki mara ya kwanza tumbo limeshaonekana na barabarani, tarehe hazikumbuki, na wakati mwingine anaogopa kuulizwa umri. Utafiti ule wa 2015/16 uliipa Katavi nafasi ya kwanza nchini kwa mimba za utotoni: wasichana 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au ni wajawazito. Mabinti wadogo ndio wako kwenye hatari zaidi ya kuzaa njiti. Mnaona jambo hili linavyoanzia mbali na mashine?

Sasa kangaruu. Mwaka 1978 huko Bogotá, Colombia, daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na watoto wengi kuliko inkubeta, akawafunga vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Kwa muda mrefu wakubwa wa dunia waliichukulia kama njia ya maskini, eti ya kutumia ukikosa mashine. Kisha Shirika la Afya Duniani likaijaribu kwa watoto wa kilo 1 hadi chini kidogo ya 1.8, mara tu baada ya kuzaliwa, kabla hata hawajatengemaa. Ilifanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Tanzania. Matokeo yalitoka Mei 2021: vifo vilipungua kwa robo, ukilinganisha na watoto waliowekwa kwanza kwenye mashine za joto. Jaribio lilisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu haikuwa haki kuendelea kuwanyima wengine. Na hawa hawakuachiwa kifua peke yake, jamani. Oksijeni walipewa, dawa walipewa, ila walipewa wakiwa juu ya mama, wastani wa saa 17 kwa siku.

Saa 17. Hapo ndipo hoja yangu ilipo.

Mama wa Mamba atakaa vipi saa 17 kwa siku, wiki tatu au nne, hospitalini Mpanda? Kufika huenda akafika. Kuna m-mama, unapiga 115 bure, gari au dereva jamii anakuja kumchukua mama au mtoto mchanga. Matibabu ya mtoto chini ya miaka mitano kwenye vituo vya serikali, kisera, ni bure. Lakini kukaa si bure. Chakula si bure. Mpunga shambani hausubiri, na nyumbani kuna wengine wanne.

Mama yangu mdogo alikaa siku tisa. Mtoto alikuwa na kilo moja na nusu, ananyonya kwa kijiko, anaongezeka. Usiku mama mdogo alilala chini, juu ya khanga, na mtoto kifuani. Hela ikaisha siku ya saba. Siku ya tisa akaomba ruhusa, manesi wakamsihi, akaondoka na basi. Mtoto alifariki nyumbani wiki iliyofuata. Hakuna wa kumlaumu pale, si manesi, si yeye. Matibabu yalikuwepo. Kilichokosekana ni godoro na sahani ya ugali.

Mwaka 2025 sheria za kazi zilirekebishwa, mfanyakazi aliyejifungua njiti akaongezewa likizo hadi mtoto atimize wiki 40. Taasisi ya Doris Mollel, mwenyewe aliyezaliwa na gramu 900, ililipigania hilo kwa miaka, na wote tunawashukuru. Lakini likizo ni ya mwenye mwajiri. Mama mdogo mwajiri wake ni jembe. Nani anamlipa wiki hizo?

Wapo watakaosema chuo hakiwezi kulisha wagonjwa wa nchi nzima. Kweli. Hatuwezi pia kununua inkubeta za nchi nzima, tunazungumzia mchango huu mmoja. Na kama mtu anataka kitu cha kitaalamu zaidi, ajirani Tabora tu. Hospitali na vituo 30 vya mikoa mitano, Tabora ikiwemo, wakunga walifanyishwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara, kwa mwanasesere, palepale kazini. Ripoti ya 2025 inasema vifo vya watoto ndani ya saa 24 za mwanzo vilipungua kwa asilimia 40. Katavi haikuwemo kwenye mikoa hiyo. Mbona tusiandikie halmashauri kuuliza lini?

Pendekezo langu kwa bunge la wanafunzi ni hili. Pesa zilezile zinunue magodoro na viti vya kuegemea kwa chumba cha mama kangaruu, khanga nzito za kufungia watoto, mzani mmoja wa kidijitali, kipima oksijeni kimoja, na zinazobaki ziwe za chakula cha mama anayetoka mbali, zikae kwa mganga mfawidhi kwa risiti. Kabla ya kununua chochote, watu wawili kutoka kamati waende wakawaulize manesi wanapungukiwa nini, maana inawezekana hata orodha yangu ina makosa. Picha ya kukabidhi magodoro haitapendeza kama ya mashine yenye taa za kijani. Tutaipiga hivyohivyo.