Viwanja vinajengwa, kijana wa geti anaachwa

TUNDUMA. Siku ya Dabi ya Kariakoo, vibanda umiza vya Tunduma, kuanzia Sogea hadi Mpemba, vinajaa mapema kabla mpira haujaanza. Mlangoni kuna kijana anakusanya hela na kuwazuia wanaotaka kupenya bure. Ndani yupo mwingine anapanga mabenchi ili wa Simba wasibanane na wa Yanga. Wa tatu yuko nyuma, kando ya jenereta, maana umeme ukikatika dakika ya 80 patachimbika.

Hakuna anayewaita hao watatu wataalamu. Lakini kazi yao ndiyo ile ile iliyoitia nchi aibu Aprili 30, 2023, pale taa za Uwanja wa Benjamin Mkapa zilipozimika Yanga ikicheza na Rivers United ya Nigeria kwenye robo fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Kibanda cha mabati Tunduma kina mtu wa kusimama na jenereta. Kwa Mkapa, uwanja wa watu 60,000, mashabiki walibaki wanawasha tochi za simu.

Tanzania, Kenya na Uganda zinaandaa AFCON 2027. Kila siku mjadala ni nyasi, viti, taa na uwanja mpya wa Arusha. Mikoani nako kelele ni hizo hizo, kila mkoa unataka uwanja wake. Swali ambalo halina mwenyewe ni moja: nani ataviendesha?

Kwa Mkapa kuna somo

Mei 28, 2023, mwezi mmoja baada ya taa kuzimika, Yanga ilicheza fainali ya kwanza ya Shirikisho dhidi ya USM Alger. Katika msongamano wa kuingia uwanjani, shabiki mmoja alipoteza maisha na wengine wakajeruhiwa.

Desemba 15, 2024, Simba ilipocheza na CS Sfaxien ya Tunisia, vurugu zilizuka jukwaani na viti zaidi ya 250 viling'olewa. CAF ikawaadhibu Wekundu wa Msimbazi, na Januari 2025 wakacheza na CS Constantine bila mashabiki. Mei 2025 ikawa zamu ya eneo la kuchezea. Fainali ya pili ya Simba na RS Berkane ikahamishiwa Uwanja wa Amaan, Zanzibar, na Wanasimba wa bara waliokuwa wameshajipanga kwenda kwa Mkapa wakaanza kutafuta boti.

Kenya nao yakawakuta kwenye CHAN, Agosti 2025. Watu wasio na tiketi walivamia Kasarani na CAF ikapunguza idadi ya mashabiki wanaoruhusiwa kuingia.

Kila tukio lina sababu zake, na si haki kumbebesha lawama mlinzi mmoja wa geti. Lakini hakuna hata moja lililotokea kwa kukosa uwanja. Viwanja vilikuwepo. Kilichopimwa siku hizo ni kazi ya watu: anayekagua tiketi, anayejua geti lipi lifunguliwe foleni ikizidi, fundi umeme wa zamu, na anayejua nyasi zipumzishwe lini mvua zikichachamaa.

Songwe ipo wapi

Songwe ni mkoa mchanga, ulizaliwa mwaka 2016 kutoka Mbeya. Una watu zaidi ya milioni 1.3 kwa sensa ya 2022, una kahawa ya Mbozi, una reli ya TAZARA na mpaka wa Tunduma ambako malori ya Zambia na Kongo hayakauki. Msimu wa 2024/25 mkoa ulikuwa na Songwe United kwenye Ligi ya Championship.

Lakini shabiki wa Tunduma anayetaka kuona Ligi Kuu kwa macho yake hupanda gari kwenda Uwanja wa Sokoine, Mbeya, safari ya kama kilomita 100. Kwa hiyo wanaodai uwanja wa maana Songwe wana haki yao.

Tuseme leo umepatikana, wa mashabiki 10,000 tu. Kanuni za FIFA za usalama viwanjani zinaanzia stewadi mmoja kwa kila mashabiki 250, na zinapanda hadi mmoja kwa 100 mechi ikiwa ya hatari. Hapo ni kati ya mastewadi 40 na 100. Ongeza mafundi umeme, watunza nyasi, watu wa tiketi, wa huduma ya kwanza, wa usafi na wa kupokea wanahabari. Ongeza na mabinti wa kutosha getini, kwa sababu shabiki wa kike hapekuliwi na mwanaume.

Watu hao watatoka wapi? Mtindo uliozoeleka mikoani ni kukusanya vijana asubuhi ya mechi, kuwapa vizibao vya kung'aa, kuwalipa posho jioni na kuagana. Mechi ijayo wanakuja wengine, na yule aliyejifunza jambo juzi haitwi tena.

Mchezaji ana ngazi, wa geti hana

Hapa ndipo penye tatizo lenyewe. Mchezaji wa Songwe akiwa na kipaji anajua njia: timu za vijana, Championship, Ligi Kuu, Taifa Stars. Kocha ana leseni za CAF, anaanza D na kupanda C, B hadi A. Mwamuzi ana madaraja mpaka beji ya FIFA.

Kijana wa geti hana D wala C. Anaweza kusimama pale miaka kumi, akajua kumtuliza mlevi na kuinusa vurugu kabla haijalipuka, na mwaka wa kumi na moja bado ni kijana wa geti. Hana cheti, na jina lake halimo kwenye daftari lolote. Akienda kuomba kazi uwanja mwingine, anaanza upya kama mtu aliyeshuka kwenye basi jana.

Waingereza walijifunza kwa msiba. Aprili 1989 mashabiki walibanwa Hillsborough, na idadi ya waliofariki sasa ni 97. Baada ya hapo walibadilisha viwanja, lakini pia walibadilisha watu. Leo stewadi wa kule anafundishwa na kupata sifa inayotambulika, anahama nayo kutoka uwanja mmoja kwenda mwingine.

Mbogo Maji waliondoka

Kuna watakaosema kazi hiyo haina uhakika kwa sababu timu hazina uhakika. Kweli. Mfano upo jirani kabisa, Mbarali.

Novemba 29, 2022, Ihefu, Mbogo Maji, waliifunga Yanga 2-1 kwenye Uwanja wa Highland Estates, Ubaruku, na kukata mbio za Wananchi za mechi 49 za ligi bila kupoteza. Siku ile Mbarali ilizungumzwa nchi nzima. Msimu uliofuata timu ilihamia Singida, na sasa inaitwa Singida Black Stars.

Mchezaji alihama na mkataba wake. Kocha alihama na leseni yake. Aliyekuwa anategemea siku ya mechi pale Ubaruku hakuwa na cha kuhama nacho.

Songwe wasisubiri yawakute. Ujuzi wa kijana usifungwe kwenye klabu moja, wala kwenye soka peke yake. Kuongoza watu 5,000 waingie na watoke salama ni kazi ile ile kwenye mechi, tamasha la muziki au mkutano wa hadhara. Machi 2021 watu 45 walifariki kwenye msongamano Uwanja wa Uhuru wakati wa kumuaga Rais John Magufuli, na siku hiyo hapakuwa na mechi.

Kwa kijana wa Tunduma hiyo ina maana kalenda ndefu. Kuna ligi na mabonanza, kumbi za harusi na send-off kila wikiendi, na maonyesho ya Nane Nane viwanja vya John Mwakangale, Mbeya. Mechi za soka pekee hazimlishi. Zikiunganishwa na shughuli nyingine, hesabu inaanza kueleweka.

Pa kuanzia papo

Hakuna haja ya kusubiri bajeti ya mabilioni. VETA inafundisha umeme na ufundi mwingine, na Malya, Mwanza, kuna Chuo cha Maendeleo ya Michezo. Kinachokosekana ni kozi fupi ya uwanja, ya siku chache, inayoishia na cheti ambacho TFF na Bodi ya Ligi wanakitambua. Klabu tayari zinatakiwa kuwa na ofisa usalama ili zipate leseni, basi masharti yateremke hadi kwa wanaosimama chini yake.

Chama cha soka cha mkoa kinaweza kufungua daftari la watu wa mechi: nani alisimama wapi, alifanya nini, amefika ngazi gani. Halmashauri zina mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa vijana, wanawake na wenye ulemavu, iliyorejeshwa baada ya kusimamishwa mwaka 2023. Kikundi cha vijana kinachotoa huduma za ulinzi wa getini, jukwaa na umeme wa shughuli ni biashara, sawa na kikundi cha bodaboda.

AFCON 2027 nayo ni darasa. Michuano itahitaji watu wa kupokea mashabiki na kuwaelekeza. Tunduma ina vijana waliokulia mpakani, wanaoongea Kiswahili na Kinyamwanga, na wengine Kibemba na Kiingereza cha kuuzia bidhaa, waliozoea foleni za madereva wenye hasira. Songwe ikipeleka hata vijana 20 Dar es Salaam au Arusha, watarudi na kitu ambacho hakinunuliwi na saruji.

Uwanja utakuja siku yake, wanasiasa wataukatia utepe na timu kubwa itaalikwa kuufungua. Siku hiyo mashabiki wa Mbozi, Momba, Ileje na hata Nakonde ng'ambo watajazana getini. Yule kijana wa kibanda umiza anayejua kusimama na jenereta atakuwa wapi? Kama hakuna aliyemwandika kwenye daftari, atakuwa nje anauza maji, na getini atasimama mtu aliyevaa kizibao kwa mara ya kwanza asubuhi ile.