Mgeni Aache Ujuzi

Wamarekani wa kujitolea wa Peace Corps waliingia Tanganyika mwaka 1961, na wengi wakafundisha shuleni. Waliondoka mwaka 1969, wakarejea mwaka 1979. Katika miaka hiyo kumi shule hazikufa. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto apate elimu ya msingi, na vijana waliomaliza darasa la saba wakafunzwa ualimu. Upungufu ulikuwapo, lakini kazi ilikuwa yetu.

Mgeni anayejitolea kufundisha au kutibu anastahili shukrani. Hata hivyo, mwalimu mkuu au mganga mkuu anayempokea bila kumweka mwananchi kando yake ajifunze, ameazima mkono tu. Mkono huo ukiondoka, watakaoumia ni wanafunzi na wagonjwa.