Kinga ya mipira minene: tuangalie mzigo kwanza



Swali moja limetufikia kutoka vilima vya Kyondo na pia kutoka upande wa Mangina. Koperative ikipata franga za usafiri, inunue ile kinga ya kisasa, VTT yenye mipira minene karibu sawa na ya moto? Picha zake zinazunguka mu simu. Muuzaji anasema inapita kwenye matope, mchanga na mawe. Vijana wanaipenda, na hatuwalaumu, ju iko na sura. Hata kwenye mashirika ya msaada kuna wanaovutiwa nayo, maana inatoka vizuri mu picha ya ripoti.

Maoni yetu ni kwamba koperative isiinunue. Inunue kinga ya chuma, nzito, yenye mpira mpana wa kawaida, ambayo vipuri vyake vinapatikana Butembo na Beni siku yoyote ya soko. Wengine hawatafurahi kusoma hivyo, kwa hiyo tunaeleza.

Tukumbuke kwanza kinga inafanya kazi gani kwetu. Kahawa nyekundu iliyovunwa leo inapaswa kufika kwenye kituo cha kumenyea leo. Ikilala mu gunia usiku mzima inaanza kuchacha, na ile kahawa ya parche inayotoka hapo haiuzwi bei nzuri. Na mzigo ni mkubwa: ili kupata kilo moja ya parche unabeba karibu kilo tano za matunda. Kakao ya Oicha na Mavivi nayo ni vilevile, mbegu mbichi zina maji mingi, zinashuka uzito zaidi ya nusu zikisha kuchachushwa na kukauka. Mkulima anayebeba vibichi anabeba maji. Na upande wa Beni, tangu 2014, kila mtu anajua kwa nini lazima kutoka shambani mapema. Kinga ikikufia njiani saa kumi na moja jioni, si jambo la kucheka.

Sasa, hii mipira minene ilitoka wapi? Ilitafutwa na watu wa Alaska, kule Marekani, waliotaka kupita juu ya theluji wakati wa baridi, na wengine wa majangwa waliotaka kupita kwenye mchanga. Mwaka 2005 kampuni ya Surly ilitoa kinga yake inayoitwa Pugsley, yenye mpira wa upana wa inchi 3.7, ni kusema sentimita tisa na kitu. Akili yake si mbaya hata kidogo. Mpira mnene unaweza kuuwekea upepo kidogo sana, nao unajitandaza chini kama mguu wa bata.

Tupige hesabu. Upepo wa bar 1 ni karibu sawa na kilo moja kwenye kila sentimita mraba ya ardhi. Mtu pamoja na kinga yake wakiwa kilo 90, na mipira ina bar 3, basi mipira yote miwili inagusa ardhi kwenye sentimita mraba 30 hivi, kiganja cha mtoto. Ukishusha upepo mpaka bar 0.6, inagusa sentimita mraba 150. Njo maana haizami mu theluji wala mu mchanga.

Lakini huyo mtu wa Alaska hana gunia. Weka kilo 80 za kahawa nyuma, na ule upepo mdogo hautoshi tena. Mpira unalala, ringi inagonga jiwe, mpira wa ndani unakatwa pande mbili kwa mara moja. Kwa hiyo fundi atakuambia ujaze upepo, na atakuwa na haki. Ukisha kujaza, mguu wa bata umekwisha. Umebaki na mpira mzito, wa bei kali, unaokufanya ukanyage pedali kwa nguvu zaidi kuliko jirani yako. Faida uliyolipia imebaki dukani.

Halafu kuna udongo wetu wenyewe. Theluji na mchanga havishikani na kitu. Udongo mwekundu wa Butembo na Lubero, mvua ikisha kunyesha, unashika kama unga wa bugali. Mpira mpana sana unapanda juu yake na kuteleza, au unaukusanya mpaka unajaa katikati ya mpira na uma wa mbele, gurudumu linasimama, mtu anashuka kutafuta kijiti cha kukwangulia. Mpira wa upana wa kiasi unakata ule ulaini wa juu na kutafuta ardhi ngumu chini. Wapo wenye kinga za zamani ambao watasema mpira mwembamba kabisa ndio bora. Kwa matope pekee yake wana sababu. Ila ule wa 28 kwa 1½ unaumia vibaya kwenye mawe, na kwenye njia za msitu upande wa Beni, ambako ardhi ni laini na mizizi ni mingi, unazama. Sisi tunasimama katikati: inchi 2 hadi 2.3.

Hapo muangalie namba zilizoandikwa ubavuni mwa mpira, msisikilize mdomo wa muuzaji. Mpira wa 26 × 1.95 umeandikwa pia 50-559. Wa 26 × 2.125 umeandikwa 57-559. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni ukubwa wa ringi. Mpira mnene wa inchi 4 nao unaweza kuandikwa 559, na wengine wanadanganyika hapo: wanadhani siku ukipasuka wataweka wa kawaida. Ringi yake ni pana kupita kiasi, mpira wa kawaida hautakaa vizuri. Ekseli ya nyuma ya kinga hizo mara nyingi ni milimita 170 au 190 au zaidi, wakati VTT ya kawaida ni 135. Hata ekseli ya pedali ni ndefu kuliko zetu. Tembea soko lote, muulize kila fundi. Kama hayupo hata mmoja aliye na mpira wa ndani wa namba hiyo, umenunua kitu cha kutundika ukutani.

Na vitu vya kutundika ukutani tumeviona vya kutosha. Mu depo zaidi ya moja kuna kinga za msaada zilizosimama kwa sababu ya kitu kidogo tu: breki ya mafuta iliyovuja, kigeuza gia kilichopinda, uma wenye springi uliolegea. Si kwamba mafundi wetu hawajui kazi. Fundi wa Butembo anaweza kutengeneza kitu chochote cha chuma kwa moto na nyundo. Lakini kadre ya aliminiumu ikipasuka, mashine ya kusudere ya kijijini haiiwezi. Ya chuma, anaifunga palepale na unafika nyumbani.

Kwa hiyo tunasema kadre ya chuma, na uma wa mbele wa chuma usio na springi. Springi inamsaidia mtu anayeteremka mlima kwa michezo. Ukiwa na mzigo, inabonyea na kuyumba, na ile ya bei ndogo inaanza kupiga kelele kabla ya msimu kuisha.

Gia tuliulizwa mara nyingi. Vilima vyetu ni vikali, hakuna wa kubisha, na anayepanda Kabasha na mzigo anastahili msaada wowote. Lakini kabla ya kununua gia 21, muulize fundi aweke jino kubwa zaidi nyuma. Kinga mingi zinakuja na meno 18. Ukiweka 20 au 22, mwendo unapungua kwenye tambarare na mguu unapata nafuu kwenye mlima, kwa franga kidogo sana. Tunaambiwa kwamba hata hivyo mlima wenyewe watu wanashuka na kusukuma. Ni kweli, na hatuoni aibu yoyote ndani yake. Kinga kwetu ni ya kusukuma sawa na ilivyo ya kupanda. Wakati wa vita vya 1998 hadi 2003, barabara zilipokufa, batu walisukuma mizigo siku nyingi mu msitu, na kijiti kimefungwa kwenye usukani ili mtu atembee kando. Wavietnamu walifanya hivyohivyo mwaka 1954 kule Dien Bien Phu: kinga za kawaida, vijiti vya mianzi, na zaidi ya kilo 200 juu ya kila moja. Hakuna aliyekuwa na mipira minene.

Breki ndiyo sehemu ambayo watu wanaiwekea franga kidogo, na ndiyo inayoua. Njia ya Butembo kwenda Beni inashuka sana, na njia za kwenda mashambani zinashuka hata zaidi. Breki ya kurudisha pedali nyuma ni nzuri mu matope ju iko imefungwa ndani, haichafuki. Kwenye mteremko mrefu wenye mzigo inapata moto sana. Basi iwe breki mbili, moja isaidie nyingine, na ya mbele iwe ya waya, ambayo waya wake unauzwa popote. Kusimamisha kinga kwa ndara juu ya mpira, kama tunavyoona kila siku, tuache.

Ili isionekane kwamba tunasifu tu vya zamani, kuna kinga mpya zilizofikiriwa kwa kazi kama yetu. Buffalo ya shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa mwaka 2005, ni chuma kitupu, karibu kilo 23, inabeba kilo 100 nyuma, na mpira wake ni wa upana ule tunaousema. Mwaka 2023 walitoa nyingine yenye minyororo miwili: unarudisha pedali nyuma kidogo, unapata mwendo wa mlima, bila kile kigeuza gia kinachoning'inia chini na kupigwa na mawe. Na hapo jirani Rwanda, Mmarekani Tom Ritchey, mmoja wa watengenezaji wa kwanza wa VTT, alibuni kinga ndefu nyuma kwa ajili ya wakulima wa kahawa. Yeye aliyezijua VTT tangu mwanzo, alipofikiria gunia la kahawa alirefusha sehemu ya kubebea. Mpira hakuunenepesha.

Na chukudu? Wengine wametuandikia kwa hasira kidogo, kwamba tunazungumza kinga wakati mbao zetu zinabeba mamia ya kilo na Goma imeijengea sanamu mwaka 2009. Tunaiheshimu. Kwa viazi na makala kwenye barabara inayoshuka, hakuna kinga itakayoishinda. Ila haina pedali, na ikirudi tupu inabidi kuipandisha kwa mkono. Kwa kijia chembamba kinachotoka shambani mpaka kituo cha kahawa, ni pana na nzito. Moto nayo ina kazi yake kwenye barabara kubwa, kama franga za mafuta zipo.

Kuna jambo lingine ambalo halisemwi kwenye proforma. Nani atapanda? Mu familia nyingi mzigo wa shambani uko mgongoni mwa mama, kamba kwenye paji la uso. Kinga yenye chuma cha juu kilichonyooka haimfai mwenye kuvaa kitenge. Koperative ikileta hiyo, ndani ya wiki mbili inakuwa kinga ya papa, inaenda mjini kutembea, na kamba inarudi kwenye paji la uso. Kadre ya chini ipo, na haina udhaifu wowote kama mabomba yake ni mazito. Tungependa kuona angalau nusu ya kinga za koperative zikiwa za kadre ya chini, na majina ya wamama yakiwa kwenye karatasi ya kukabidhi. Wakuu wengine wa kamati wametuambia kwamba "bamama hawajui kupanda". Kusukuma wanajua, na tumeshasema kwamba nusu ya kazi ni kusukuma.

Kwa hiyo mfadhili akija na picha ya kinga nzuri, kamati isitie sahihi siku hiyo. Iombe moja ya kujaribu. Ifunge gunia la kilo 60, mtu aipeleke kwenye njia mbaya kuliko zote, baada ya mvua, kwa mwezi mzima, kisha fundi wa kijiji aifungue mbele ya wanachama. Sehemu ya bajeti ya kinga iwekwe kando tangu mwanzo kwa mipira, mipira ya ndani, minyororo na waya za breki. Kinga tisa zenye vipuri ni bora kuliko kumi bila kitu. Na zisitolewe bure. Mwanachama alipe kidogokidogo kwa kahawa au kakao anayoleta, na malipo hayo yanunue vipuri vya mwaka unaofuata.

Mvua kubwa za Septemba ziko karibu, na mipira huwa inapanda bei mara zinapoanza. Koperative zilizo na franga za vipuri zinunue sasa. Zile ambazo tayari zimejaribu mpira wa inchi 2 na kitu kwenye njia zao, tunaomba mtuandikie uzito wa mzigo, hali ya njia na siku mpira ulidumu kabla ya kuisha. Tutayachapa majibu hayo toleo lijalo, pamoja na ya wale wanaoendelea kutetea mipira minene.