Madaktari Wawili, Kauli Mbili

Sisi watu wa Malindi na Kilifi hatukulelewa kuuona unene kuwa ni maradhi. Mwanamke mwenye mwili huambiwa ametulia, mumewe akasifiwa kwa kumtunza, na bibi arusi akitoka ndani mwembamba kuliko alivyoingia, wazee huulizana alikuwa akilishwa nini. Aliyekonda ndiye anayeulizwa kama ni mzima. Kwa hivyo usistaajabu, ndugu msomaji, ukisikia kwamba dada yangu mkubwa alifika kilo 118 na nyumbani kwetu asipatikane mtu wa kumwambia neno. Nami ni mmoja wa walionyamaza.

Neno lilitoka kwa daktari wa hapa hapa mjini. Dada ana miaka 46. Ana maradhi ya sukari, huu mwaka wa nane, na magoti yamemchosha hata huswali juu ya kiti. Kimo chake ni sentimita 158. Daktari akapiga ile hesabu yao ya uzito kwa urefu, akapata 47. Tangu mwaka 1991 madaktari wamekuwa wakisema kwamba mtu aliyefika 40, au 35 naye ana maradhi kama sukari, anaweza kufikiriwa operesheni ya kupunguza mfuko wa chakula, na mwaka 2022 kiwango hicho kilishushwa zaidi. Akamwandikia barua aende akaonane na wapasuaji.

Hapo ndipo kizaazaa kilipoanza. Mpasuaji wa Mombasa alimshauri akatwe mfuko wa chakula ubaki mwembamba. Wa Nairobi akasema hiyo ingemharibu, bora achepushiwe njia ya chakula. Binti ami yetu aliyeko Muscat akatuma ujumbe wa sauti kuwa yeye alifanyiwa ile ya kukatwa na leo anavaa nguo za bintiye. Mama akasema kisu hakijapata kuwa dawa ya wali mwingi. Na jirani mmoja, mtu wa msikitini, akaonya kuwa hayo ni kubadili umbile la Mwenyezi Mungu. Dada alirudi na karatasi mbili mkobani, akaketi ukumbini analia: ati madaktari hawajui wanalolifanya, wanataka pesa tu.

Nami siku ile niliamini hivyo hivyo. Leo nasema tuliwaonea. Madaktari wale hawakupingana, sisi ndio tuliowapinganisha.

Kwanza tuzifahamu operesheni zenyewe, maana mitaani zote huitwa "kupunguzwa tumbo" kana kwamba ni kitu kimoja. Ile ya kwanza, mpasuaji huukata mfuko wa chakula kwa urefu, akaondoa karibu robo tatu yake au zaidi, ikabaki sehemu nyembamba mfano wa mkono wa kanzu. Kilichokatwa hakirudishwi. Ilianza kama hatua ya mwanzo ya operesheni kubwa zaidi kwa watu wazito mno, kisha ikaonekana kuwa wengi wao walipungua kwa hatua hiyo peke yake. Siku hizi ndiyo inayofanywa zaidi duniani.

Ya pili ni kongwe. Waliianza Edward Mason na Chikashi Ito huko Iowa, Marekani, mwaka 1966, baada ya kuonekana kwamba watu waliokatwa sehemu ya mfuko kwa ajili ya vidonda vya tumbo hawakunenepa tena. Hutengenezwa kijifuko kidogo, kiasi cha yai, kikaungwa moja kwa moja na utumbo mwembamba, na chakula kikapita humo bila ya kuingia katika mfuko wa asili. Ni kama ile barabara ya Dongo Kundu, inayompeleka msafiri Kusini bila ya kukanyaga feri ya Likoni. Feri ipo, lakini yeye hakuipitia.

Sasa ipi bora? Huko Ufini waliwachukua wagonjwa 240, wakawagawa makundi mawili kwa kura, wakawafuata miaka 10, na matokeo yakatolewa mwaka 2022. Waliochepushiwa njia walikuwa wamepungua zaidi kidogo. Kwa upande wa sukari haikuonekana tofauti ya kutegemewa. Lakini walipotiwa mpira wenye kamera, katika kila 100 waliokatwa mfuko, 31 walikuwa na koo la chakula lililochomwa na uchachu unaopanda kutoka tumboni. Waliochepushiwa walikuwa 7. Kwa mtu mwenye kiungulia, hiyo si habari ndogo.

Na mchepuko nao una mlango wake wa balaa. Pale mahali palipoungwa, vidonda hutokea kwa urahisi ikiwa mtu anavuta sigara au anakula dawa za maumivu za namna ya dikilofenaki na ibuprofeni. Panadol haina shida hiyo. Tena halua na chai ya sukari nyingi humshukia mtu utumboni kwa kishindo, akatoka jasho, moyo ukamwenda mbio. Vitamini ni za maisha, na kwa waliokatwa mfuko pia si za kupuuzwa.

Usiku ule nilimketisha dada nikamuuliza, "Da' mkubwa, yule wa Mombasa ulimwambia nini?" Akasema alimweleza magoti, na vile vidonge anavyokula kutwa mara mbili ili aweze kusimama jikoni. Na kiungulia? Hakukitaja. Nani hapa hana kiungulia baada ya biriani? Basi mpasuaji alimwona mtu anayeishi kwa dawa za maumivu, akamwepusha na mchepuko. Ni sawa.

"Na yule wa Nairobi?" Yule alimtia kamera, akakuta koo limekuwa jekundu. Vidonge hakumwambia. Hununua duka la dawa bila ya karatasi ya daktari, akaogopa kugombezwa. Wala hakumwambia kuwa ametoka kwa mwenziwe Mombasa, akiona ni utovu wa adabu. Basi naye aliona koo lililoungua, akamwepusha na ile ya kukatwa. Ni sawa pia. Kila mmoja alipewa nusu ya mgonjwa, akaitibu nusu aliyopewa.

Ndipo nauliza juu ya hii sitara yetu. Sitara ni pambo la nyumba za Kiswahili, nami simo katika wanaotaka kuivua. Yanayotokea chumbani hayatolewi barazani, na aibu ya mtu hufunikwa. Lakini tumeivuta mpaka ndani ya chumba cha daktari. Mwanamke hataji kuwa hedhi imekatika, mwanamume hasemi kwamba anavuta, na wote wawili wanaficha kombe na mizizi waliyokunywa. Kisha tunashangaa kauli zikigongana. Mumewe dada, mtu mpole kabisa, alikuwa hajui hata kama mkewe amekwenda Nairobi kwa jambo hilo. Aliambiwa ni macho. Je, angekatwa kwa siri, nani angemzuia asile dikilofenaki magoti yakimwasha usiku? Nani angempimia supu kwa vijiko zile wiki za mwanzo?

Yule wa Muscat hasemi uongo, ila yeye hana sukari wala kiungulia, na hospitali yake iko mtaa wa pili. Dada akipata homa na maumivu ya tumbo siku ya tano, Mombasa ni kilomita 120 na Nairobi ni usiku mzima wa basi. Hilo nalo huingia katika mizani, na daktari wa mbali hatalijua usipomwambia unakaa wapi.

Jirani yetu wa msikitini nilimjibu kwa heshima yake. Wanazuoni hutenganisha kujipamba na kujitibu, na mtu asiyeweza kusujudu kwa uzito wa mwili wake hatafuti urembo. Istikhara dada aliswali, na ni vyema. Lakini haikuwekwa ichukue mahali pa kuuliza. Kulikuwa na suala moja la dini lililostahili kupelekwa kwa daktari, wala hakuna aliyelipeleka: funga. Baada ya operesheni hizi mtu hunywa maji kwa mafunda madogo kutwa nzima, hawezi kuyabugia magharibi, na madaktari wengi huizuia funga miezi ya mwanzo. Mwenye kupanga tarehe na aiangalie kalenda ya Ramadhani kwanza.

Kuna na ushauri wa tatu, wa zile sindano kama Ozempic. Mimi sizibezi. Lakini wagonjwa waliofuatwa baada ya kuacha dawa yake, mwaka mmoja tu ulirudisha theluthi mbili ya uzito walioupunguza, na kuzinunua miaka nenda miaka rudi si kazi ya mfuko wa kila mtu hapa Malindi.

Mwisho tuliandika karatasi moja: magoti, vidonge kwa majina yake, kiungulia, picha za kamera, sukari, mahali anapokaa na atakayemwuguza. Shemeji akaichukua mwenyewe mpaka Mombasa. Mpasuaji aliisoma mara mbili, akasema kama angalijua habari ya koo asingalitoa ushauri ule. Ameelekea upande wa mchepuko, kwa sharti kwamba dada akae miezi mitatu bila ya vile vidonge. Akishindwa, warudi wazungumze upya.

Huu ni wiki ya sita. Jana alikwenda sokoni kwa miguu, akarudi kwa tuktuk, akaomba Panadol.